Sheria Isiyomjua Kum

Göteborg, 9 Februari 2014

Shangazi Hasnija mpendwa,

Salamu aleikum. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Malin anakusalimu. Tumbo bado halijaonekana ila kichefuchefu kimeshaanza, hataki kusikia harufu ya kitunguu, kwa hiyo nimepigwa marufuku kupika pita, ile mikate yetu ya kujaza nyama na kitunguu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama yake anafuma vijisoksi kana kwamba watazaliwa sita. Kifua chako kinaendeleaje? Na paa je, mafundi walimaliza au walikunywa kahawa yako wakaondoka?

Nina jambo, na nimeliandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Kabla ya mwaka mpya alikuja mzee kazini kwetu kupimwa masikio. Jina lake la ukoo ni la Kiswidi, lakini alipofungua mdomo tu nikajua ni wa kwetu Bosnia, nikamgeuzia lugha. Akafurahi. Akaniuliza kama wazee wote wa kwetu wanavyouliza: "Wewe ni wa nani?" Nikamwambia wa Nusret Kahrić, wa Lukavna. Shangazi, mzee akanyoosha mkono akanigusa utosini, pale nywele zangu zinapojizungusha mara mbili, akaacha kidole hapo kidogo. Akasema atarudi siku nyingine, akaondoka bila hata kuvaa koti vizuri. Hakurudi.

Nilitazama kwenye faili lake mahali alipozaliwa. Lukavna. Jina la kwanza Radojko. Jina hilo nimelisikia tangu utotoni, wakubwa mlipokuwa mnadhani nimelala: Radojko wa lori la ushirika, Radojko aliyekuwa akiita majina mlangoni wakati wa vita, na walioitwa hawakurudi. Alioa Mswidi akachukua jina la mke. Nilikwenda polisi. Wamemkamata wiki iliyopita, na mimi bosi amenisimamisha kazi kwa muda kwa kutoa siri ya mgonjwa, lakini hilo litapita.

Polisi watakuja kukuona. Tafadhali waambie.

Wako,
Zijad


Lukavna, 3 Machi 2014

Mwanangu Zijad,

Aleikum salaam. Barua yako imefika imelowa, sijui postamani anaziogesha. Kifua kipo, kinakohoa kama kawaida yake. Paa limekwisha upande mmoja, upande wa pili mafundi wanasema wanasubiri jua, na mimi nasubiri wao. Malin mwambie anyonye limau asubuhi kabla hajainuka kitandani, na kitunguu hakijamkosea mtu. Mama yake mwache afume, soksi hazijawahi kuzidi.

Wamekuja. Mwanamke wa polisi kutoka kwenu, mpole, na mkalimani wa Sarajevo mwenye kucha ndefu kama wembe. Niliwapa kahawa na jemu ya plamu. Waliponiuliza, niliwaambia sikuona kitu. Na hata kama ningeona, huyo ni kum wetu, na sheria yenu najua hailazimishi ndugu atoe ushahidi dhidi ya ndugu. Niliishi kwenu miaka kumi, sikuwa nachota maji tu.

Wewe umekulia huko, labda hukuambiwa vizuri. Ulipotimiza mwaka, Radojko alikuja kwetu na mkasi mpya. Mama yako, Mungu amrehemu, akakupakata, Radojko akakukata kishungi cha kwanza, akamkumbatia babako. Mserbia na Mwislamu, na kuanzia siku hiyo wakawa kum, ndugu kuliko wa tumbo moja. Kwa kum hakuna kuoana, hakuna kugombania mpaka, hakuna kushtakiana. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo walivyokuta waliotutangulia. Utosi wako alikuwa anaujua kabla wewe hujajua una utosi.

Halafu nikuulize. Damu imemwagika Lukavna, imemwagwa na mtu wa Lukavna. Waswidi inawahusu nini? Mbona wasihukumu ya kwao?

Na wewe ungeniuliza kwanza. Ndilo linaloniuma. Polisi waliambiwa kabla yangu.

Kula vizuri. Jirani yangu Stanojka anakusalimu, hajui kwamba mimi najua kaka yake Radojko kakamatwa, au anajua ila tunanyamaziana. Amenipasulia kuni za wiki nzima.

Shangazi yako,
Hasnija


Göteborg, 21 Aprili 2014

Shangazi,

Salamu aleikum. Nimerudishwa kazini, alhamdulillahi. Malin amejaribu limau na imemsaidia, anasema wewe ndiye daktari wake. Daktari mwenyewe kasema mtoto ni wa kike na ana miguu mirefu.

Nisamehe kwa kutokukuuliza. Nilijua utasema nini, ndiyo maana sikuuliza.

Umeniuliza inawahusu nini. Nimemuuliza wakili, mama mmoja anaitwa Birgitta, amepewa kutusimamia sisi wa upande wa waliouawa. Anasema kuna makosa ambayo ni makubwa mno kuachiwa mji mmoja au nchi moja, na nchi yoyote inayomshika mtu huyo ina haki ya kumhukumu, popote alipoyafanya. Sarajevo waliwahi kumtaka. Lakini ameshakuwa raia wa Uswidi, na Uswidi haitoi raia wake kwenda kuhukumiwa kwetu. Kwa hiyo ama ahukumiwe hapa ama asihukumiwe popote, azeeke kwa raha, akanunue samaki sokoni Jumamosi ambapo mimi nanunua wa kwangu.

Kuhusu kum, nilimuuliza pia. Alichukua kitabu akanisomea: mke, mume, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, mkwe. Nikamwambia ongeza kum. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaomba radhi. Kum hayumo. Mbele ya sheria yao Radojko kwako ni jirani wa zamani.

Wapo watu watano waliosikia habari zake. Hakuna hata mmoja aliyemwona kwa macho akimtoa mtu nyumbani. Birgitta anasema bila mtu aliyemwona mlangoni wanaweza kumwachia, na akishaachiwa kwa hukumu hawezi kushtakiwa tena kwa jambo hilohilo. Mwendesha mashtaka amenikataza kukuuliza uliona nini, eti nitakuharibia ushahidi. Basi sikuulizi. Nakwambia tu kwamba nyumba ilikuwa yetu, na watu wazima waliokuwa ndani ni wawili, wewe na baba.

Wako,
Zijad


Lukavna, 12 Juni 2014

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, na sababu umeiona kwenye televisheni. Mvua ilinyesha siku na siku, mto ukapanda, na mlima nyuma ya nyumba ya Stanojka ukateremka. Sikuumia. Jikoni maji yalifika magotini. Nilikuwa nimepanda juu ya meza nikishika Msahafu na redio, na Stanojka akaja na buti za marehemu mumewe akanibeba mgongoni, mwanamke wa umri ule. Nilimwambia niache, utavunjika. Akasema, "Nyamaza Hasnija, unakohoa masikioni mwangu." Tumekaa kwake mpaka tope lilipotolewa. Paa, kwa taarifa yako, halikuvuja.

Wamekuja tena watu wa tume ya waliopotea vitani, wanapita kandokando ya mto. Maji yamefukua mifupa kule chini. Nilisimama nao kutwa. Haikuwa ya kwetu, walikuwa ng'ombe.

Sheria isiyomjua kum ni sheria gani? Kitabu kizima hicho na hakuna aliyewaza. Mkwe yumo, mkwe ambaye nusu ya watu hawasemezani naye, halafu mtu aliyeshika kichwa cha mtoto wako hayumo. Mwambie huyo Birgitta aje niishi naye wiki moja.

Kuhusu lile jingine, bado nasema sikuona. Usiniandikie tena kuhusu nyumba ilikuwa na watu wangapi. Watu nilikuwa nawapikia, idadi naijua.

Mlishe mkeo.

Hasnija


Göteborg, 1 Julai 2014

Shangazi,

Tumshukuru Mungu kwa Stanojka. Mfikishie salamu, na sisemi kwa kejeli.

Kesi imepangwa kuanza Novemba. Nimekulia mikononi mwako, nakujua unapodanganya, unaandika marefu kuhusu paa. Huyu si mtu aliyekukopa ungo. Amemchukua kaka yako. Umekwenda kila mwaka kwenye maziko ya pamoja ukazika watoto wa watu, ukarudi ukiniambia zamu yetu bado. Sasa zamu yetu imefika, na wewe ndiye unayeifungia mlango. Unamwogopa nani? Kama ni majirani, njoo huku, chumba kipo.

Sijui niseme nini zaidi. Mpaka unijibu sitaandika.

Zijad


Lukavna, 18 Agosti 2014

Zijad mwanangu,

Idi imepita, nilisali msikitini tukiwa watu wachache tu, imamu anatujua mpaka viatu. Nilipika baklava nikagawa. Nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana.

Siogopi majirani. Nimerudi Lukavna wakati vijana walikuwa wanaturushia mawe kwenye basi, unadhani leo nitaogopa nani?

Mwezi wa tatu, baada ya polisi kuja, Stanojka alileta kahawa yake mwenyewe, jambo asilolifanya, akakaa. Akasema kaka yake amemtumia neno. Ikiwa sitasema kitu mahakamani, Radojko ataonyesha Nusret alipo. Sehemu yenyewe, si kukisia. Akiachiwa tu atakuja mwenyewe au atachora.

Sasa umejua. Ndiyo maana nimeendelea kusema sikuona kitu. Nimesubiri fupa la kaka yangu miaka zaidi ya ishirini. Nimetoa damu kwa wale watu wa maabara, wewe umetoa damu, na hakuna linalofanana. Mama alikufa akiniuliza, "Umempata?" Nilimjibu bado, akafumba macho akanigeuzia mgongo, ndivyo tulivyoagana. Ninyi mnataka hukumu. Mimi nataka mahali pa kusoma Fatiha. Je, ni tamaa mbaya?

Lakini Nusret si wangu peke yangu. Ni babako. Nimechoka kuamua kwa niaba yako, nimeamua mengi mno. Ukiniambia nyamaza, nitanyamaza mpaka kaburini. Ukiniambia sema, nitakwenda nitasema yote, na yote maana yake ni yote, Zijad, si yale tu unayoyataka. Fikiri vizuri. Usimuulize wakili.

Shangazi yako


Göteborg, 14 Septemba 2014

Shangazi mpendwa,

Tumepata binti, tarehe tano. Mzima, ana kilo za kutosha na hasira zako. Tumemwita Nura. Malin anaendelea vizuri, amekula kitunguu siku ya pili.

Nimefikiri. Nimetembea na gari la mtoto bustanini mpaka nikajua kila mti. Nisamehe kwa barua ya Julai.

Radojko yuko mahabusu yenye masharti. Haruhusiwi simu, haruhusiwi barua, haruhusiwi mgeni ila wakili. Hilo neno alilituma vipi? Labda kwa wakili wake, sijui. Labda ni kweli. Nakiri nimelala na labda hiyo siku nyingi. Nimejiona nimesimama na wewe, na jeneza la kijani, na mimi natupa udongo.

Lakini mtu anayefanya biashara na mifupa ya mtu aliyemuua, akishaachiwa, nani atamlazimisha kutimiza? Na akitimiza, nitamzika baba huku nikijua nimemnunua kwa uhuru wa aliyemchukua. Siwezi. Nina mtoto sasa, siku moja ataniuliza.

Sema, Shangazi. Sema yote. Baba akae alipo.

Hilo ndilo jibu langu.

Zijad


Lukavna, 16 Novemba 2014

Mwanangu,

Picha ya Nura nimeiweka juu ya redio. Amechukua paji la uso la babako, maskini, litampa tabu na kofia.

Kesho dereva ananipeleka Sarajevo. Nitakaa kwenye chumba na kuongea na televisheni, na nyinyi mtaniona huko. Wamenishauri nivae nguo isiyo na mistari. Nimemwambia Stanojka mwenyewe, uso kwa uso, ili asisikie kwa watu. Hakunitukana. Alikusanya vikombe vyake viwili vilivyokuwa kwangu akaondoka navyo.

Utasikia jambo ambalo nilipaswa kukwambia ulipokuwa unasoma shule. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, akishakomaa. Kisha ukawa mkubwa, nikaogopa. Usikasirike mbele za watu. Ukitaka kukasirika, toka nje uvute hewa, kisha urudi ukae, kwa sababu mimi nitakuwa bado naongea.

Ninajuta sana, lakini sijui kama ningekuwa na mwanzo mwingine ningefanya tofauti.

Hasnija


Göteborg, 8 Machi 2015

Shangazi,

Salamu aleikum. Najua umekuwa ukimpigia Malin na kumuuliza kama niko hai. Niko hai. Nura ana meno mawili na anatuuma wote.

Kifungo cha maisha. Umeshasikia kwenye habari, lakini nilitaka uisome kwa mwandiko wangu. Mawakili wake wamekata rufaa na imekataliwa kusikilizwa. Kwa Uswidi mambo yamekwisha. Jaji alisoma maneno yako karibu neno kwa neno. Kwamba baba alikuwa amejificha darini nyuma ya magunia ya sufi, na askari walishapita mara moja hawakumwona. Kwamba Radojko alisimama chini akaita, "Kum, teremka, ni mimi." Na baba akateremka. Mtu mwingine yeyote angeita, baba angebaki juu. Waswidi nadhani hawakuelewa kwa nini aliteremka, walidhani ni mjinga au amechoka. Ukumbini tuliokuwa wa kwetu tulielewa, na mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu alianza kulia.

Na ile sehemu ya pili. Kwamba alirudi na lori tupu kabla jua halijazama, akatulaza mimi na wewe chini ya turubai, akatupitisha vizuizi vitatu akisema amebeba viazi, akatushusha upande wa pili, kwa watu wetu. Miaka yote uliniambia ni lori la mtu wa unga. Nilikuwa nikimwombea dua mtu wa unga, Shangazi. Ulinifundisha wewe.

Nilitoka nje kama ulivyosema. Nilirudi. Radojko muda wote alikuwa ametazama meza, na ulipofika kwenye viazi akainua kichwa akaangalia televisheni, akakuangalia mpaka ulipomaliza. Wakili wake aliruka kuomba apunguziwe adhabu kwa hilo. Kwa hiyo mtu aliyesaidia utetezi kuliko wote ni wewe, na aliyemfunga ni wewe.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Miezi yote hii nilikuwa na hasira na wewe kuliko na yeye. Sasa imepungua, imebaki uchovu. Sioni faida ya hukumu. Nilidhani siku hiyo nitatembea mrefu zaidi. Nilikwenda kununua nepi.

Nimeomba kumwona gerezani. Kesi imekwisha, hana tena cha kupoteza, nitamuuliza kuhusu baba.

Wako,
Zijad


Göteborg, 17 Mei 2015
(Barua hii haikutumwa.)

Shangazi,

Nimetoka kwake sasa hivi. Mzee sana. Ilibidi nikae karibu na sikio la kushoto, la kulia limekufa kabisa. Nilimwambia naitwa nani, akasema, "Najua wewe ni nani, nimekushika kichwa mara mbili."

Nilimuuliza baba yuko wapi. Nikamwambia, "Neno lako lilimfikia shangazi, sasa mambo yamekwisha, timiza." Akanitazama hakuelewa. Nikaeleza. Akasema hajawahi kutuma neno. Alisema, "Stanojka alitaka kuniokoa. Tangu utotoni ni hivyo, anaahidi vya watu." Akaapa kwa makaburi ya wazazi wake, na nimemwamini, kwa sababu hakuwa akijitetea, alikuwa ameaibika.

Kisha akaniambia. Aliwafikisha wanaume kwenye tanuru la matofali, akawakabidhi. Alijua watafanywa nini, hilo hakulikana. Wenzake wakamwambia kaa, kuna kazi. Akasema lori lina hitilafu, akageuza, akarudi kwetu kwa kasi kwa sababu zamu ya kizuizi cha kwanza ilikuwa inabadilishwa na wanaokuja hawakuwa wakimjua. Alipotushusha na kurudi ilikuwa asubuhi. Tanuruni hapakuwa na mtu wala udongo mpya. Waliwapeleka kwingine. Hakuuliza wapi, na waliokuwepo wote wameshakufa.

"Ningebaki ningejua," akasema. "Ungetaka nibaki?"

Nilimfunga kifungo cha shati, kilikuwa wazi, sijui kwa nini nilifanya hivyo. Halafu nikatoka.

Kwa hiyo hajui, Shangazi. Hakuna anayejua, na hajui kwa sababu alikuwa na mimi. Wewe ulifunga mdomo miezi mingi kwa kitu ambacho hakikuwepo, na mimi nilijiona shujaa kukikataa. Nakuandikia haya nikiwa nimekaa kwenye gari, na najua


Göteborg, 17 Mei 2015

Shangazi mpendwa,

Salamu aleikum. Nura anasimama akishika kiti, akiachia anaanguka na kutulaumu sisi. Malin amerudi kazini nusu siku. Tukijaliwa tutakuja mwezi wa nane, mtakaa wewe na Nura muoneane hasira.

Nimemwona. Amezeeka, anasikia kwa shida, kumbukumbu inakuja na kuondoka. Anasema atajaribu kukumbuka mahali. Amesema ni muda mrefu na miti imeota. Tumpe nafasi, tusimkimbize. Hakukataa.

Kifua kifunike asubuhi, bado kuna baridi.

Wako,
Zijad


Lukavna, 9 Juni 2015

Mwanangu Zijad,

Aleikum salaam warahmatullah. Njooni mwezi wa nane, plamu zitakuwa tayari, na mafundi wameapa upande wa pili wa paa utakwisha kabla. Mletee Nura viatu vigumu, hapa ni mawe.

Barua yako nimeisoma nikairudia mpaka naijua. Tangu Novemba Stanojka alikuwa hanisemeshi, akiniona barabarani anavuka, na kuni nimepasua mwenyewe majira yote ya baridi. Nilikwenda mpaka uani kwake. Nikasimama kwenye ua nikamsomea ile sehemu ya Radojko kwa sauti. Nikamwambia, "Umeona? Ulichoniambia kilikuwa kweli. Nisamehe, nilianza kukushuku." Yule mwanamke akakaa chini palepale kwenye vitunguu vyake akalia mpaka nikaogopa. Nadhani ni furaha kwamba kaka yake ana moyo bado. Hakutaka kuniangalia usoni. Lakini jioni alirudi na vile vikombe viwili, na sasa anakuja kila siku, hata nisipomwita, na hataki niinue kitu kizito.

Nimezungumza na imamu. Pembeni ya kaburi la mama pamebaki nafasi ya mtu mmoja, nilikuwa nimejiwekea mimi. Nimemwambia aiandike kwa jina la Nusret, mimi nitafutiwe kokote. Vijana wamekata magugu na kuweka uzio mdogo ili mbuzi wasiingie.

Ukimwona tena kum, mwambie asijitese. Akumbuke taratibu, leo mti, kesho kijito, atafika tu. Mwambie Hasnija hana haraka, anangoja.

Shangazi yako anayekupenda,
Hasnija